Riveti za ndege ya kujengwa nyumbani: siri iko kwenye tundu

Msikilizaji, kila baada ya muda tunasikia habari za kijana aliyeunda ndege kwa mabati nyuma ya nyumba yao. Watu hukusanyika, picha husambaa kwenye simu, kisha swali hubaki: je, itaruka? Wengi huangalia injini. Lakini kuna kitu kidogo kuliko punje ya mahindi kinachoamua kama ndege hiyo itashikamana angani. Ni riveti, ambayo wengine huiita ribiti.

Wapo watu wanaojenga ndege nyumbani na kuzirusha kweli. Marekani sheria inaruhusu, ilimradi zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na mtu anayejenga kwa kujifunza au kwa kujifurahisha, na ndege ikaguliwe kabla ya kuruka. Kampuni ya Van's Aircraft ya jimbo la Oregon, iliyoanzishwa na Richard VanGrunsven mwaka 1973, huuza vipande vya bati la alumini pamoja na michoro. Mnunuzi huviunganisha mwenyewe kwa maelfu ya riveti. Kazi hiyo huchukua miaka.

Kwa nini wasichomelee?

Bati la ndege si la sufuria. Ni alumini iliyochanganywa na shaba na madini mengine, kisha ikapitishwa kwenye moto kwa vipimo maalumu ili iwe ngumu. Ukiichomelea, joto huharibu ugumu huo na pale ulipounganisha huweza kupasuka. Riveti haihitaji moto. Hugongwa ikiwa baridi, na bati hubaki na nguvu zake.

Aina mbili

Ya kwanza ni riveti ya kuvuta, ambayo mafundi wetu huiita pop riveti. Unaiingiza upande mmoja, unavuta kwa koleo lake, msumari wa ndani unakatika. Inafaa pale mkono usipofika upande wa pili. Zipo ndege zilizobuniwa kutumia zaidi aina hii, kama RV-12 ya kampuni hiyo hiyo. Lakini riveti zake zimepimwa kwa ajili ya ndege. Zile za dukani za kufungia mabati ya nyumba haziwezi kushika nafasi yake.

Ya pili ni riveti nzima, isiyo na uwazi ndani. Hii huhitaji watu wawili au mtu mwenye mikono mirefu. Mmoja hushika bunduki ya upepo inayogonga kichwa cha riveti kutoka nje. Mwenzake, kwa ndani, huegemeza kipande kizito cha chuma kwenye mkia wake. Mkia hubondeka na kuwa kichwa cha pili, na bati mbili hubanwa katikati. Sehemu za pembeni hubanwa kwa koleo maalumu bila kugonga.

Riveti nyingi za ndege ndogo zina kishimo kidogo katikati ya kichwa. Hiyo ni alama ya aina ya madini yake. Riveti ya alumini laini haina alama hiyo, na nguvu yake ni ndogo. Ukizichanganya kwenye kopo moja, umejitafutia balaa.

Kazi inaanzia kwenye tundu

Tuchukue riveti yenye unene wa milimita 3.2. Tundu lake liwe pana kidogo tu kuliko hapo, kama milimita 3.3. Likizidi, riveti itapinda ndani badala ya kujaza tundu. Katikati ya tundu pawe mbali na ukingo wa bati angalau mara mbili ya unene wa riveti, yaani milimita 6.4. Ukitoboa karibu zaidi, bati litachanika kama karatasi iliyotobolewa pembeni.

Ukishatoboa, tenganisha bati na usafishe kingo za matundu pande zote mbili. Drili huacha vijino vidogo vyenye makali. Vikibaki, huzuia bati kukaa pamoja, na huwa mwanzo wa ufa. Kila ndege inaporuka na kutua, bati hunyooka na kujikunja kidogo. Ufa huanza kwenye kijino kile, hutembea taratibu, na siku moja hufika mwisho wa safari yake.

Hatari hii si hadithi. Mwaka 2023 Van's ilikiri kuwa na tatizo kwenye vipande ambavyo matundu yake yalikatwa kwa mwanga wa leza. Wajenzi walipobonyeza kingo za matundu hayo ili vichwa vya riveti vilale sawa na bati, baadhi yalitokea nyufa. Walioziona ni wale waliochunguza kila tundu kabla ya kuendelea. Kampuni ililazimika kutengeneza upya vipande vingi, na Desemba mwaka huo, kwa sababu hiyo pamoja na nyinginezo, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai.

Jinsi ya kukagua

Kabla ya kugonga, mkia wa riveti utokeze mara moja na nusu ya unene wake, yaani milimita 4.8 kwa riveti yetu. Ukishagonga, kichwa kipya kiwe na upana usiopungua kama milimita 4.8 na kimo kisichopungua milimita 1.6. Kisiwe kimelalia upande wala kupasuka. Kisha jaribu kupitisha karatasi nyembamba chini ya kichwa cha nje. Ikiingia, bati hazijabanwa.

Usigonge mno ukidhani unaongeza nguvu. Riveti huzidi kuwa ngumu kadiri inavyogongwa, mwishowe hupasuka. Ikiharibika, toboa katikati ya kichwa chake kwa uangalifu, kivunje, kisha sukuma mkia utoke. Ukipanua tundu, utahitaji riveti nene zaidi, na ukingo huenda usitoshe. Ndiyo maana wajenzi wazoefu husema riveti yenye kasoro ndogo ni afadhali kuliko tundu lililoharibiwa.

Mstari mmoja ulipopungua

Riveti hugawana mzigo. Zikipungua, zilizobaki hulemewa. Agosti 12, 1985, ndege kubwa ya Japan Airlines ilianguka mlimani, watu 520 wakafa na 4 tu wakapona. Uchunguzi ulirudi nyuma hadi mwaka 1978, ndege hiyo ilipotengenezwa baada ya kugonga mkia uwanjani. Kipande cha bati cha kuunganishia ukuta wa nyuma hakikuwekwa ilivyoelekezwa. Mstari mmoja wa riveti ukabeba mzigo wa miwili. Ulivumilia miaka saba.

Wale walikuwa mafundi wenye vyeti. Mjenzi wa nyumbani ana hatari zaidi, lakini ana jambo moja la kumsukuma: yeye mwenyewe ndiye atakayekaa kwenye kiti cha rubani. Riveti ikishafunikwa na bati lingine, hakuna atakayeiona tena isipokuwa yeye aliyeiacha vile.

Kwa hiyo, msikilizaji, kama una kijana nyumbani mwenye ndoto hii, usimcheke wala usimwache arushe alichounda. Mpeleke kwa fundi wa bati ajifunze kutoboa, kusafisha tundu na kugonga riveti mia moja kwenye vipande chakavu, kisha azitoboe mbovu zote na kurudia. Kuruka kunahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga. Mkono wenye subira unaweza kuanza kufunzwa leo, hata kwenye jiko la mkaa.