Kamera Kimya Kanisani? Chunga Picha Zisipinde
Unapiga picha za harusi wikendi? Skiza. Kamera zisizo na kioo cha ndani bado zinalia "kacha!" Ukibonyeza, pazia la shata hufunga kwanza, hufunguka, kisha hufunga tena. Kwa kasi kama 1/125, kishindo hicho chaweza kutia picha ukungu. Weka pazia la kwanza liwe la kielektroniki, mtikisiko upungue.

Ukienda kimya kabisa, kuna shida nyingine: sensa nyingi husoma picha mstari baada ya mstari. Wanaodansi wanapinda, na baadhi ya taa za LED zinachora michirizi. Umeme wetu ni wa hertzi 50, kwa hivyo jaribu 1/50 au 1/100. Viapo havirudiwi, msee. Zijaribu taa za kanisa kabla bi harusi hajaingia.