Mtumbwi Mpya au Uliotumika: Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua

Kikundi cha wavuvi wa Ziwa Victoria kinapopata mkopo usio na riba utokanao na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, hukabiliwa na swali zito: kinunue mtumbwi mpya au uliotumika?

Mtumbwi uliotumika huvutia kwa bei. Hata hivyo, gharama yake halisi hujulikana baada ya kujumlisha mbao za kubadilisha, kalafati na matengenezo ya injini. Marejesho ya mkopo hayasubiri chombo kitoke kwa fundi.

Mnunuzi anashauriwa kufuatana na fundi wa mitumbwi asiye na uhusiano na muuzaji. Fundi achome kwa ncha ya kisu mbao zilizo karibu na mkuku. Kisu kikizama kwa urahisi, mbao imeoza. Aikague misumari, kwani ikiliwa na kutu mbao huachana. Rangi mbichi isimpumbaze mtu, maana huweza kuficha nyufa. Chombo kijaribiwe majini kikiwa na mzigo. Injini iwashwe ikiwa baridi, na namba yake ilinganishwe na stakabadhi za muuzaji.

Kwa kikundi chenye fedha kidogo, mtumbwi mdogo mpya huweza kuwa na nafuu kuliko mkubwa uliochoka. Bajeti isiyobakiza fedha za jaketi okozi kwa kila anayepanda haijakamilika.

Kabla ya kulipa, kikundi kimwone Afisa Uvuvi kuhusu usajili na leseni ya chombo.