Je, ni sawa kumtisha tembo kwa ajili ya utafiti?

Mwaka 2014, watafiti walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa tembo wa Amboseli, Kenya. Waliwachezea kwenye spika sauti za watu wakisema, kila mmoja kwa lugha yake: tazama kule, kundi la tembo linakuja.

Waliposikia mwanaume wa Kimaasai, tembo walijikusanya pamoja na kunusa hewa. Kwa mwanaume wa Kikamba, hofu ilikuwa ndogo. Kwa wanawake na wavulana wa Kimaasai pia. Kumbe tembo anajua nani huwa anabeba mkuki!

Lakini ili tulijue hilo, ilibidi watishwe kwanza. Sasa nani anasema hapa panatosha?

Chama chenye miiko

Uingereza kuna chama cha watafiti wa tabia za wanyama, ASAB, kilichoanzishwa mwaka 1936. Mwenzake wa Marekani, Animal Behavior Society, alianza mwaka 1964. Vyama hivi viwili vina jarida la pamoja, Animal Behaviour, na mwongozo wa pamoja wa jinsi ya kumtendea mnyama anayechunguzwa.

Msingi wake ni maswali matatu, yaliyotokana na kitabu cha William Russell na Rex Burch cha mwaka 1959:

1. Je, jibu linaweza kupatikana bila kumtumia mnyama?
2. Kama haiwezekani, ni wanyama wachache kiasi gani wanatosha?
3. Maumivu na hofu yao vitapunguzwaje?

Asiyefuata anafanywa nini?

Chama si polisi, na vibali vya utafiti hutolewa na mamlaka za nchi husika. Ila jarida linaweza kuikataa makala ya mtafiti aliyekiuka mwongozo. Kwa mtu ambaye kazi yake hupimwa kwa alichochapisha, hilo si jambo dogo.

Faida kwa sayansi

Huruma si sababu pekee. Mnyama aliyeshikwa na hofu kupita kiasi haonyeshi tabia yake ya kila siku, kwa hiyo hata majibu yanapotosha.

Tena, sauti ya spika ikirudiwa mara nyingi bila kitu kutokea, mnyama anaweza kuizoea. Siku mwenye mkuki akija kweli, kuzoea huko kunaweza kumgharimu maisha.