Kazi ya Saa Kumi Iliyonifunza Adabu

Mjomba wangu wa Mji wa Kale, Mombasa, haoni tangu utotoni. Msahafu ameuhifadhi wote, na sura aipendayo mno ni Abasa, kwa kuwa iliteremka kwa ajili ya mtu kama yeye, Sahaba Abdullah bin Ummi Maktum, aliyekwenda kutafuta elimu naye haoni. Basi mwaka 2016 nilipompigia simu kumwambia kuwa nimepata kibarua katika jarida la elimu ya ulemavu huko Marekani, alicheka akaniuliza, "Na mimi nitaweza kulisoma?"

Nikamjibu "Inshallah" pasi na kufikiri. Msomaji mpenzi, jibu lile lilikuja kunisuta.

Nilikuwa nasomea shahada ya pili. Mwanafunzi mgeni nchini humo, wakati wa masomo, haruhusiwi kufanya kazi chuoni zaidi ya saa 20 kwa juma. Yangu ilikuwa ya saa 10. Wenzangu wengi walikuwa wakiosha vyombo katika mikahawa ya chuo. Mimi bahati iliniangukia nikaketi na makala.

Na kazi yenyewe ni hii. Makala ikifika, nilifuta jina la mwandishi, kisha nikaipeleka kwa mabingwa wawili waipime bila ya kujua ni ya nani. Kwa Kiingereza, desturi hiyo imezoeleka kuitwa upimaji wa "kipofu". Siku hizi majarida kadhaa yameliacha neno hilo, yakasema upimaji usio na majina, kwani kutoona si kutojua. Makala ikirudi, nilikagua marejeo, miaka, nukta na mkato. Mwisho nilihakikisha kwamba vichwa vimepangwa sawasawa, ili programu inayosoma kwa sauti iweze kuruka kutoka sehemu hadi sehemu, na kwamba kila picha ina maelezo ya maneno kwa asiyeiona.

Elimu hii si ya zamani sana. Mmoja wa waasisi wake ni Irving Zola, profesa wa Chuo Kikuu cha Brandeis, ambaye mwenyewe aliugua polio ujanani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alianzisha jarida ambalo leo hujulikana kwa jina la Disability Studies Quarterly, na Uingereza nao wakaanzisha la kwao mwaka 1986. Hoja yao kubwa ni kwamba mtu hazuiwi na mguu wake peke yake. Huzuiwa pia na ngazi zilizojengwa kana kwamba yeye hayupo. Na hoja ya pili ni kwamba wenye ulemavu waandike wenyewe, si kuandikwa tu.

Hoja hizo nilizijua kwa ulimi. Toleo moja, muda ukiwa mfinyu, nilipewa makala yenye picha tisa. Badala ya maelezo niliandika "picha ya kwanza", "picha ya pili", hadi ya tisa, nikaenda zangu kulala. Jarida likatoka.

Siku ya tatu simu ikalia. Mjomba alikuwa opereta wa simu kabla ya kustaafu, na Kiingereza anakijua. Mjukuu wake alikuwa amemtilia programu ya kusoma katika simu. Akaniambia taratibu, "Mwanangu, umenialika karamuni, ukanipakulia sahani tisa tupu."

Sikuwa na la kusema. Asubuhi nilikwenda kwa mhariri nikaungama. Hakunigombeza, alinirudishia zile picha. Katika moja nilieleza habari za "mzee masikini aliyeketi chini ya ngazi". Mhariri, ambaye mwenyewe hutumia kiti cha magurudumu, akaniuliza, "Umasikini wake umeuona wapi?" Nikatazama tena. Palikuwa na mzee, kofia, fimbo na ngazi. Umasikini niliutia mimi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyasikiliza hata maneno yetu wenyewe. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema: yote yamo katika ngeli moja na kiti na kisu. Kweli, kijana na kiongozi nao wamo humo, na tunasema kipofu amekuja, hatusemi kimekuja. Sarufi yenyewe inamrudishia utu wake. Lakini wenyewe wengi wanataka waitwe watu wenye ulemavu, na mwenye jina ndiye mwenye haki ya kusema aitweje.

Hapa kwetu, Katiba ya 2010 imeitambua lugha ya ishara na maandishi ya Breli, na mwaka 2017 Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh, unaorahisisha vitabu kugeuzwa viweze kusomwa na wasioona. Sheria tunazo. Lakini ni wangapi kati yetu tunaorushiana picha za harusi na matangazo ya maziko bila hata mstari mmoja wa maelezo, na huku twajua kuwa jamaa fulani haoni? Wahenga walisema hujafa hujaumbika; leo ni yeye, kesho huenda ikawa mimi au wewe.

Maelezo mapya yalipotoka nilimpigia simu mjomba, nikitarajia sifa. Alikuwa ameyasikiliza yote.

"Sasa nimeshiba," alisema. "Lakini ile picha ya sita umeirefusha mno. Punguza."

Nikapunguza.