Jiwe la urani halipoi kwa kuchomwa

KASHIKISHI, Zambia – Ng'ambo ya Ziwa Mweru, mkabala na soko la samaki la Kashikishi, ni Kongo. Ukizidi kwenda kusini-magharibi unafika Likasi, na karibu yake upo mgodi wa Shinkolobwe, uliotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoteketeza Hiroshima Agosti 6, 1945. Mgodi ulifungwa kwa amri ya rais Januari 2004. Wachimbaji wadogo hawakutoka; Julai mwaka huo uliporomoka, watu wakafa.

Kwa hiyo mfanyabiashara akiletewa jiwe zito na kuambiwa "limeshachomwa, halina madhara", ajue anadanganywa. Sababu imo ndani ya kiini cha atomu.

Kiini cha urani si mviringo kamili. Kimerefuka kidogo, kama tonge la ugali wa muhogo lililobanwa kiganjani. Joto huweza kukibadilisha: likizidi, kiini hutikisika, urefu ule ukapotea, kikawa mviringo. Lakini hilo ni joto la zaidi ya nyuzi bilioni 10. Shaba huyeyuka kwa nyuzi 1,085 tu, na katikati ya jua penyewe ni kama milioni 15. Jiko la mkaa litafanya nini hapo?

Kuzunguka nako hubadili umbo. Mwaka 1986, katika maabara ya Daresbury, Uingereza, wanasayansi waligonganisha viini wakapata kiini cha disprosi kinachozunguka kwa kasi ya ajabu, urefu wake mara mbili ya upana. Walilijua umbo hilo kwa miali ya gama iliyotoka kiini kilipokuwa kikipunguza mwendo.

Urani-235 haihitaji yote hayo. Kiini chake kikimeza nyutroni moja hupata nguvu, hunyooka, hubonyea kiunoni, kisha hukatika vipande viwili. Lise Meitner na Otto Frisch walilieleza hilo mwaka 1939.

Na hata kisipoguswa, kiini cha urani hutoa mionzi chenyewe, kwa kasi isiyopunguzwa na moto wala maji. Kulichoma au kulisaga jiwe ni kutawanya vumbi, liingie mapafuni na kwenye magunia ya dagaa yaliyo jirani. Urani-238, ambayo ndiyo nyingi zaidi jiweni, huchukua miaka bilioni 4.5 kupungua nusu.