Kijiti Ndani ya Jino: Kigumu Zaidi Si Bora Zaidi

Leo tunazungumza kuhusu jino lililokufa kiini, daktari akausafisha mzizi na kuuziba, kisha akakuambia, "Sasa litahitaji kijiti na kofia." Wengi wetu huuliza bei tu. Bei ni haki yako kuuliza, lakini liko swali jingine: kijiti hicho kimetengenezwa kwa kitu gani?

Kwanza tuelewane. Kijiti ni kipande chembamba kinachoingizwa ndani ya mzizi. Juu yake daktari hujenga kisiki cha kushikilia kofia, ambayo wengine huiita krauni. Watu hudhani kijiti hulitia jino nguvu. La, hasha! Kazi yake ni kushikilia kisiki pale ambapo sehemu ya juu ya jino imeoza ikabaki kidogo mno. Tena nafasi ya kijiti ikichimbwa sana, ukuta wa mzizi hupungua. Kwa hivyo jino lililobakiwa na kuta za kutosha halihitaji kijiti, na daktari akikuambia hivyo usidhani anakunyima.

Je, umewahi kuona msumari mnene ukipigiliwa kwenye ubao mkavu? Msumari haupindi, ubao ndio hupasuka. Sehemu ngumu iliyo chini ya ganda jeupe la jino, iitwayo dentini, hupinda kidogo sana tunapotafuna, hata hatuhisi. Ukakamavu wa vitu hupimwa kwa gigapaskali. Dentini ina karibu 18. Titani ina karibu 110. Chuma kisichoshika kutu, na zirkonia ile kauri nyeupe, hufika karibu 200, yaani zaidi ya mara kumi ya jino lenyewe. Ukiuma kitu, mzizi unataka kupinda, kijiti kinakataa, na mkazo unakusanyika pale kijiti kinapoishia, ndani kabisa. Mzizi ukipasuka kwa urefu, hakuna gundi itakayouokoa. Jino hung'olewa, na mara nyingi kofia na kijiti hutoka vikiwa vizima kama vipya!

Vijiti vya nyuzi za kioo zilizogandishwa pamoja hupinda kwa kiasi kilicho karibu na cha jino, na mkazo husambaa. Navyo vina kasoro: huweza kubanduka. Lakini kijiti kilichobanduka mara nyingi hurudishwa, mzizi uliopasuka haurudi. Jino lingekuwa langu, ningechagua hasara hiyo ya kwanza.

Na kofia je? Kofia kakamavu, ya chuma au kauri, hubeba sehemu kubwa ya mzigo yenyewe. Ile laini ya plastiki huupitisha chini kwenye kisiki na gundi. Hata hivyo, kuna jambo linaloshinda haya yote. Tazama mpini wa patasi ya seremala: una pete ya chuma inayouzuia usipasuke kwa nyundo. Kofia nayo yapasa kulikumbatia jino zima lililobaki juu ya ufizi, kimo cha milimita 2 hivi, kuzunguka pande zote. Pete hiyo ikiwapo, tofauti kati ya kijiti na kijiti hupungua sana. Isipokuwapo, hata kijiti cha bei ghali kina kazi ngumu.

Hapo ndipo wengi hupotezea jino. Mzizi umezibwa, maumivu yameisha, pesa nazo zimeisha, mtu harudi tena. Miezi inapita, ukuta mmoja unavunjika kwa muwa, mwingine kwa kifuniko cha soda, na mahali pa kukumbatiwa na kofia hapapo tena. Kama pesa hazijapatikana, mwambie daktari waziwazi ili alikinge jino kwa kulijaza imara huku ukijipanga.

Kofia ikitikisika au ikitoka, usiibandike mwenyewe kwa gundi ya dukani. Ifunge kwenye karatasi safi uende nayo kliniki wiki hiyo hiyo. Na ukiona kijipu kwenye ufizi wa jino hilo, au likiuma unapotafuna, huenda mzizi una ufa, usingoje uvimbe.

Wiki ijayo tutazungumza kuhusu ufizi unaotoka damu.