Mashini ya Sindano 9 na Ordinateri Mpya

Mulituuliza sana: juu ya nini gazeti letu lilichelewa? Na maswali ya mtihani pia yalikuwa yanangoja.

Stensili zetu tunazitoboa kwa Epson LX-300, mashini ya zamani iko na sindano 9. Tunatoa utepe wa wino, sindano zinapiga karatasi ya nta zenyewe. Mashini za kisasa za kurusha wino haziwezi kazi ile, hazigusi karatasi.

Lakini Epson inataka waya munene wa meno 36, unaoleta biti 8 pamoja. Ordinateri mpya iko na USB tu, inatuma biti moja moja. Tukanunua waya wa kugeuza, tukaunga: kimya! Tulifikiri mashini imekufa. Tukashika kitufe cha kusukuma mstari, tukaiwasha: ikachapa yenyewe, nzima kabisa.

Kumbe Windows ilikuwa inatuma kazi kwa mlango LPT1, na mlango ule haiko tena. Tukachagua USB001, na jina la mashini Generic / Text Only. Sindano zikaanza kulia! Kwa jina lile zinapita herufi tu, picha hapana. Ndiyo maana kichwa cha gazeti tulikichora kwa mkono.